Beryl Markham: Bingwa wa farasi waliokataliwa

Mwaka 1926 jiji la Nairobi lilikuwa bado changa, nyumba nyingi zikiwa za mabati, lakini siku za mbio za farasi watu walijaa uwanjani kana kwamba ni sikukuu. Mwaka huo mbio zilizosubiriwa kwa hamu ziliitwa St Leger. Farasi aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda alikuwa dume aitwaye Wrack, mwenye nguvu na afya njema. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo mtamba aitwaye Wise Child, wa damu nzuri, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba wengi hawakuamini kuwa angemaliza safari.

Jambo ambalo mcheza kamari hakuweza kulisoma kwenye orodha ya siku hiyo ni kwamba farasi wote wawili walikuwa wamepita katika mikono ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mwanamke wa miaka 23. Wakati huo aliitwa Beryl Purves. Dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Beryl Markham.

Wengi humkumbuka kama rubani aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake. Wengine humkumbuka kwa kitabu chake. Lakini kazi aliyoianza kabla ya zote, na aliyoirudia alipokuwa mtu mzima, ilikuwa kufunza farasi wa mashindano. Katika kazi hiyo alijulikana kwa kipaji kimoja: kumtazama farasi ambaye wengine wamemkatia tamaa na kuona kilichobaki ndani yake.

Utoto wa Njoro

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell nchini Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, baba yake, Charles Clutterbuck, aliihamishia familia katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki na kuanzisha shamba Njoro, karibu na Nakuru, katika ardhi ambayo wakoloni walikuwa wamejigawia. Mama yake hakuyaweza maisha ya huko. Alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na binti akabaki na baba.

Baba alikuwa na kazi nyingi. Alikuwa na mashine za kusaga nafaka, msitu wa kukata mbao na zizi la farasi. Beryl alilelewa zaidi na watu wa shambani, wengi wao wakiwa Wakalenjin. Alizungumza Kiswahili, alijifunza lugha ya majirani zake, na alienda kuwinda ngiri pamoja na wanaume akiwa peku, ameshika mkuki. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii. Baba yake Kibii, arap Maina, alikwenda katika Vita Kuu ya Kwanza na hakurudi. Kibii alipokua akaitwa arap Ruta, na jina hilo litarudi mara nyingi katika maisha ya Beryl.

Shule hakuipenda. Darasa lake lilikuwa zizi. Huko alijifunza kupapasa mguu wa farasi kuanzia gotini kushuka hadi kwenye kwato, akitafuta joto lisilo la kawaida, kwa kuwa joto ndiyo dalili ya kwanza ya kano iliyoumia. Alijifunza kwamba farasi asiyemaliza chakula anasema jambo, na farasi anayelaza masikio nyuma anasema lingine. Alikesha na majike waliokuwa wakizaa. Mtoto mmoja wa farasi aliyempokea kwa mikono yake alipewa na baba yake kama zawadi, naye akamwita Pegasus.

Baba afilisika

Mwishoni mwa vita ukaja ukame. Clutterbuck alikuwa ametia saini mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa mapema. Mvua zilipokosekana, bei ya nafaka ilipanda kuliko bei ya unga aliokubali kuutoa. Angeweza kuivunja mikataba. Hakuivunja. Alinunua nafaka kwa bei ghali, akauza unga kwa hasara, na mwisho wake shamba likaenda. Farasi wakauzwa. Yeye mwenyewe akaondoka kwenda Peru, Amerika Kusini, kutafuta kazi ya kufunza farasi.

Beryl hakumfuata. Alikuwa ameolewa akiwa na miaka 16 na mkulima jirani, Jock Purves, na ndoa hiyo haikuwa na furaha. Alichukua alichokuwa nacho, akampanda Pegasus, akashika njia ya kupanda kuelekea Molo, kwenye baridi. Huko alianza kufunza farasi wa watu wengine. Akiwa na umri wa miaka kama 18 alipata leseni ya mkufunzi, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuipata leseni hiyo nchini Kenya. Kibii, ambaye sasa ni arap Ruta, alimfuata akafanya kazi naye.

Kwa wakati ule, yeye mwenyewe alikuwa kama farasi ambaye hakuna anayemwekea dau. Alikuwa msichana, hana mtaji, hana baba wa kumsemea, na wanaomiliki farasi wazuri walikuwa wanaume waliozoea kuamini wanaume.

Mizani na vipande vya risasi

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya, ni vizuri kufahamu jinsi mchezo huu unavyopangwa.

Farasi hawalingani. Wakiachwa wakimbie hivi hivi, mwenye nguvu atashinda kila wiki, na hakuna atakayelipa kiingilio kutazama jambo analolijua. Ndiyo maana mbio nyingi hupangwa kwa kusawazisha uzito. Ofisa maalumu hupitia matokeo ya kila farasi na kumpa kiwango. Aliyeshinda sana hubeba mzigo mkubwa, anayeshindwa hubeba mdogo. Mpanda farasi hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, na akiwa mwepesi kuliko kiwango kilichowekwa, vipande vya risasi huongezwa kwenye tandiko. Baada ya mbio hupimwa tena, ili isije ikawa mtu ametupa uzito njiani. Aliyeutia mfumo huo nidhamu Uingereza katika karne ya 19 alikuwa baharia mstaafu, Amiri Henry Rous.

Hesabu yake si ngumu. Wapimaji huchukulia kwamba katika mbio za kilomita moja na nusu hivi, kilo moja au moja na nusu inatosha kumrudisha farasi nyuma kwa urefu wa mwili wake mmoja. Hivyo kilo tano zinaweza kumgeuza bingwa akawa mtu wa katikati ya kundi.

Lakini mbio za hadhi kama Derby na St Leger hazisawazishwi hivyo. Hukusanya farasi wa umri mmoja, na wote hubeba uzito unaolingana, isipokuwa jike hupunguziwa kidogo. Tena St Leger ni mbio ndefu. Humo mnyonge habebwi na mizani. Mwenye miguu mibovu hukutana na ubovu wake mbele ya umati.

Wacheza kamari nao wana mizani yao, nayo ni fedha. Farasi anayependwa na wengi hulipa kidogo. Asiyependwa hulipa sana, wakati mwingine shilingi moja kuzaa ishirini au thelathini. Wapo wanaochagua wasiopendwa kwa sababu tu malipo ni makubwa, na hao hurudi nyumbani kwa miguu. Mjuzi hujiuliza swali tofauti: je, kuna sababu iliyowafanya watu wamdharau farasi huyu, na sababu hiyo bado ipo? Pengine alishindwa kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu, na leo mvua imenyesha. Pengine mbio zilikuwa fupi mno kwake. Pengine alikuwa mgonjwa na sasa amepona. Orodha huonyesha kwamba alishindwa. Haionyeshi kwa nini.

Beryl hakuanza na orodha. Alianza na sababu.

Siku ya Wise Child

Wiki kumi na mbili hivi kabla ya St Leger, Wrack alikuwa katika zizi lake. Alikuwa amemtayarisha kwa miezi, na kila mtu aliona kwamba farasi huyo alikuwa njiani kushinda. Ndipo mmiliki wake akaanza kusikiliza maneno ya marafiki. Walimwambia kwamba mbio kubwa kama ile haziwezi kuachwa mikononi mwa msichana. Akamchukua Wrack akampeleka kwa mkufunzi mwingine.

Kwa mkufunzi mchanga hilo lilikuwa pigo la kumaliza kazi. Wamiliki wengine wangeuliza kwa nini farasi ameondolewa, na hakuna ambaye angesubiri jibu. Zizi lilibaki bila farasi wa kushindana naye. Aliyepatikana alikuwa Wise Child.

Mtamba huyo alikuwa na kasi ya kuzaliwa nayo. Tatizo ni kwamba mkufunzi wake wa awali alimkimbiza mno kwenye ardhi ngumu akiwa bado mchanga, na kano za miguu yake ya mbele zikaumia. Farasi mwenye kano mbovu ni kama gari lenye injini mpya na magurudumu yaliyopasuka. Akipumzishwa sana, atafika siku ya mbio hana pumzi. Akikimbizwa sana, miguu itakatika kabla ya siku yenyewe.

Beryl na arap Ruta walitafuta njia ya katikati. Walimpeleka mtamba kwenye ardhi laini yenye unyevu kando ya ziwa la Bonde la Ufa, mahali ambapo kwato huzama kidogo na mguu haupati mshindo. Hapo alijenga mapafu na moyo bila kuzivunja kano. Miguu ilikandwa, ikafungwa vitambaa, ikapapaswa asubuhi na jioni. Kila siku ilikuwa ni kuamua upya: leo akimbie, au leo atembee tu. Hakuna mpimaji wala mcheza kamari aliyeyaona hayo. Waliyoyajua ni yale yaliyoandikwa zamani, kwamba Wise Child ana miguu mibovu.

Siku ilipofika, mpanda farasi Sonny Bumpus alikaa juu ya mtamba. Uwanja wa zamani wa Nairobi ulikuwa upande wa Kariokor, ambako hadi leo kuna barabara inayobeba jina la uwanja huo. Kwa simulizi ya Beryl mwenyewe, mpango ulikuwa kumtumia mtamba kwa akiba, kumwacha Wrack ajitume, kisha kuomba kasi mara moja tu, kwa sababu miguu ile isingeweza kuombwa mara mbili. Mwishoni kano zilianza kusaliti. Wrack akawa anasogea. Wise Child hakulegea, akavuka mstari akiwa wa kwanza.

Katika kitabu chake Beryl aliandika kwamba siku hiyo alikuwa na miaka 18. Tarehe ya kuzaliwa kwake inasema alikuwa na 23. Huenda alitaka simulizi ing'ae zaidi. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kweli, na baada ya hapo maneno ya kwamba mwanamke hawezi kuandaa farasi wa mbio kubwa yalipata jibu lake.

Palikuwa pia na deni katika ushindi huo ambalo halionekani katika hesabu za malipo. Aliyelipa kwa mwili alikuwa mtamba. Kumkimbiza mnyama mwenye kano zilizoumia ni kuweka dau la kitu ambacho si chako. Beryl alijua hilo kuliko mtu yeyote uwanjani, na bado alimtuma. Wanaoipenda habari hii huisimulia kama ya ujasiri tu, lakini ina pande mbili.

Kutoka zizini kwenda angani

Mwaka uliofuata aliolewa na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza, na hapo ndipo lilipotoka jina alilobaki nalo. Mwaka 1929 walipata mtoto wa kiume, ambaye alilelewa zaidi Uingereza mbali na mama yake. Ndoa hiyo nayo haikudumu. Maisha yake ya nyumbani yalizua maneno mengi katika vilabu vya walowezi, na fedha hazikukaa mkononi mwake.

Mwaka 1931 alijifunza urubani chini ya Tom Campbell Black, na muda si mrefu alipata leseni ya biashara. Alisafirisha barua, abiria na dawa, na aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Arap Ruta alihama naye kutoka zizini hadi kwenye banda la ndege.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea Marekani, peke yake, dhidi ya upepo. Wengi walikuwa wamekufa wakijaribu safari ya upande huo. Ndege ilikuwa ya kuazima, ya John Carberry, mlowezi wa Kenya. Baada ya zaidi ya saa 21 mafuta yaliacha kufika kwenye injini, na ndege ikaangukia pua kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Hakufika New York alikokusudia, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Wiki mbili baadaye mwalimu wake, Campbell Black, alikufa katika ajali ya ndege uwanjani Uingereza.

Mwaka 1942, akiwa Marekani, alichapisha kitabu cha maisha yake, West with the Night. Sura mojawapo ina kichwa cha Kiswahili, cha kumtakia mtu bahati njema, na humo ndimo alimosimulia mbio za Wise Child. Kitabu kilisifiwa, lakini dunia ilikuwa vitani na hakikuuzwa sana. Baadaye wapo waliodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyeandika. Ubishi huo haujaisha.

Arudi kwa farasi

Baada ya vita alirudi Kenya, akiwa hana mali. Alikuwa na umri ambao wakufunzi wengi huanza kupunguza kazi. Yeye alianza upya. Mwaka 1954 uwanja mpya wa mbio ulifunguliwa kando ya msitu wa Ngong, na katika miaka iliyofuata jina la Beryl Markham lilitawala hapo. Kwa misimu kadhaa alikuwa mkufunzi aliyeongoza nchini. Farasi wake walishinda Derby ya Kenya mara sita.

Mafanikio hayo yalikuja na adhabu ya mizani. Kadiri farasi wa zizi lake walivyoshinda, ndivyo wapimaji walivyowaongezea uzito katika mbio za kawaida. Wacheza kamari nao sasa walimfuata, kwa hiyo farasi wake hawakulipa tena fedha nyingi. Msichana ambaye mmiliki mmoja aliona hafai sasa alikuwa ndiye anayependwa na orodha.

Katika miaka ya 1960 alihamia kusini mwa Afrika akitarajia makubwa. Huko mambo hayakumwendea vizuri, akarudi Kenya. Nguvu zilipungua, madeni yakabaki. Wasimamizi wa mbio walimpa nyumba ndogo ndani ya eneo la uwanja wa Ngong, na humo alizeeka akisikia kwato alfajiri.

Bahati ya mwisho ilimfikia akiwa amepita miaka 80. Mpenzi mmoja wa vitabu huko California alisoma barua ya zamani ya Ernest Hemingway iliyosifu kitabu chake, akakitafuta, na mwaka 1983 kikachapishwa tena. Safari hii kiliuzwa kwa wingi, na mwandishi aliyesahauliwa akapata fedha za kumtunza hadi mwisho. Kitabu kile kilikuwa kimekaa miaka 41 kwenye orodha bila kuangaliwa.

Beryl Markham alifariki dunia Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, miaka 60 baada ya mtamba wake kumshinda Wrack. Arap Ruta na masaisi wengine waliolala zizini hawakuandikiwa vitabu, ingawa mikono yao ilipita kwenye kila mguu ulioshinda.

Mbio bado hufanyika Ngong, na familia huja na watoto wao kutazama. Kabla ya kila mbio farasi huzungushwa taratibu mbele ya watu. Wengi wa wenye dau wakati huo huwa wameinamisha vichwa kwenye orodha, wakisoma nani alishinda wiki iliyopita na nani amebeba kilo ngapi. Wachache husogea hadi kwenye uzio, wakatazama miguu.